Sifuri Asiye na Macho

Siku niliyofungua ofisi yangu ya uchoraji hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, nilikuwa nimepanga kila kitu kionekane. Ukuta wa kushoto nilitundika kurasa za magazeti ya Dar es Salaam yaliyochapa katuni zangu. Ukuta wa kulia, rafu ya vitabu vya hesabu vya shule za msingi ambavyo picha zake zote, tangu jalada mpaka zoezi la mwisho, zimetoka katika mkono huu. Na ukuta wa mbele, pale ambapo anayeingia hana budi kuutazama, stashahada yangu ya sanaa na usanifu, ndani ya fremu ya mninga, na taa yake peke yake juu. Sioni haya kusema. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu cha Kiegeani kushika karatasi ya namna hiyo, na sikuipata kwa mjomba aliyeko wizarani wala kwa mume mwenye jina. Niliondoka kisiwani na begi la turubai na kalamu tatu za wino, nikarudi na mashine ya kuchapa picha ambayo ilibidi ibebwe na wanaume wanne kutoka bandarini. Basi watu waliingia siku ile, wakavua viatu mlangoni kwa kuogopa vigae vyangu, wakashangaa kama nilivyotaka washangae.

Kati ya adhuhuri na alasiri akaingia mzee mrefu aliyevaa koti la suti na tai, katika joto lile la Machi, ameshika kiwiko cha binti yake. Nilimjua kabla hajafika mlangoni. "Shikamoo Mkuu," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo kama ya mwanafunzi. "Marahaba. Ni Riziki huyo? Umenenepa, nasikia kwenye sakafu." Watu wakacheka. Alikuwa Mwalimu Kaijage, aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari, Mhaya aliyestaafu akakataa kurudi kwao na sasa ana minazi na mizinga ya nyuki njia ya kwenda Kirongwe. Binti yake, Koku, alimsogeza hadi mbele ya ukuta ule wa taa. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa fremu, akakigonga kioo kwa ukucha. "Hiki ni nini?" "Stashahada yangu, Mkuu." Akatikisa kichwa. "Kioo kizuri," akasema. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya dafu. Nilisimama katikati ya chumba changu kilichojaa sifa zangu zote, na mgeni niliyetaka kuliko wote azione hakuwa na njia ya kuziona. "Nitafutie kiti," akaniambia, "halafu nisomee. Si unakumbuka kazi yako?" Nilikumbuka. Nilipokuwa nahangaika kutafuta kiti, mwaka ule wote ulinirudia.

Nilikuwa kidato cha nne. Habari za ukoo wetu nitaziacha. Itoshe kwamba nilikaa kwa shangazi yangu Mwanahawa, nyuma ya soko la Kilindoni, katika chumba ambacho ukuta wake ulikomea usawa wa mlango na juu yake pakawa wazi hadi kwenye makuti. Upande wa pili wa ukuta alikaa Bi Hidaya. Akipiga chafya, shangazi humwambia pole. Akikuna nazi, tunajua leo ana mgeni. Shangazi alikuwa akikaanga pweza na kuuza barazani, na kila kitu tulichokuwa nacho kilinukia pweza, kanga zake, mto wangu, madaftari yangu. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi kwa muhogo, mimi nimekaa kwenye kizingiti na daftari mapajani, yeye jikoni akinipigia kelele kwamba chai haisubiri pembetatu. Leo nina jiko la gesi lenye plati nne na meza ya kulia ya watu wanane, na bado nikitaka kuchora kitu kizuri huenda kukaa kwenye kizingiti.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Komba, Mngoni wa Songea, na kwa kuwa upande wa mama nina asili ya Rufiji, alinihesabu mtani wake tangu siku ya kwanza. "Mtani," alikuwa akisema akiwa na rundo la madaftari mkononi, "lako nimelijua bila kusoma jina. Leo mmemkaanga au mmemtia nazi?" Darasa zima hucheka, na mimi hujibu, "Nazi mtaijulia wapi nyinyi mnaokula panya?" Naye hucheka kuliko wote, kwa sababu ndiyo haki ya utani, yeye kunisema na mimi kumrudishia, na hakuna anayekwenda nyumbani na kinyongo. Sekondari nzima ilikuwa na walimu wachache, kwa hiyo Komba alifundisha hesabu, na mwalimu wa Kiswahili alipohamishwa akafundisha na ushairi, huku akituambia wazi kwamba vina na mizani ni hesabu iliyovaa kanga. Nyumbani kwake alikuwa na sanduku la vitabu, na kimoja kilikuwa cha kufundishia kuchora, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Alinipa nikakae nacho. Ndani yake niliona picha ya reli. Sikuwa nimeona reli maishani mwangu. Vyuma viwili vilianza mbalimbali chini ya ukurasa, vikapanda vikikaribiana, na mbali kabisa vikakutana. Asubuhi yake nikamuuliza: "Mwalimu, wewe ulitufundisha mistari sambamba haikutani milele. Huyu mchoraji anasema inakutana. Nani mwongo?" Komba akakitazama kitabu muda mrefu. "Wote wawili wanasema kweli, mtani," akasema. "Nenda kachore hiyo."

Nikachora. Mistari miwili sambamba wamependana, wazee wao wamewaambia hawatakutana milele, ni mambo ya ukoo. Mchoraji mmoja mwenye kilemba akawaambia, nendeni mbali, mwisho wa picha, huko mistari yote hukutana. Wakafunga mizigo, wakasafiri visanduku vyote vya katikati, na kila wakifika, mwisho wa picha umesogea mbele. Katika kisanduku cha mwisho ni wazee, bado wako sambamba vilevile, na mmoja anamwambia mwenzake: "Angalau tumetembea pamoja." Komba aliibandika kwenye gazeti la ukutani, ubao wa mbao uliokuwa nje ya ofisi ya walimu, ambao hadi siku hiyo ulikuwa na ratiba ya usafi tu. Wasichana wa kidato cha tatu walisoma wakafuta machozi. Wavulana walicheka. Nikajua siku hiyo hiyo kwamba nina kipaji, na sijapata sababu ya kubadili mawazo.

Lakini lazima nieleze kwa nini niliwachora mistari na tarakimu badala ya watu. Jioni nilikwenda chuoni kwa Maalim Bakari kusoma Kurani, maana shangazi hakutaka kusikia kwamba kidato cha nne ni udhuru. Maalim alifundisha barazani kwake, mzee mwembamba mwenye mwavuli usiofunguka ambao aliutumia kama fimbo. Mwanzoni mwa mwaka ule alinikamata. Nyuma ya ubao wangu wa kusomea, kwa wino uleule wa chuoni, nilikuwa nimemchora mtu wa mviringo ana miguu, koti, kofia, na macho makubwa mawili. "Hiki nini?" "Sifuri, Maalim." "Sifuri ina miguu?" "Anakwenda harusini, Maalim." Watoto wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Alivaa miwani, akausogeza ubao kwenye mwanga. "Siku ya Kiyama," akasema taratibu, "utaambiwa mtie roho huyu uliyemuumba. Utaweza?" Nikasema sitaweza. "Basi." Nilidhani atanikataza kabisa. Lakini akabaki amekitazama kile kijitu, na mimi leo, baada ya kuonyesha michoro kwa watu wengi, naijua ile namna ya mtu kutazama anapotaka kujua kisa kinaishaje. "Nambari haina roho," akasema mwishowe. "Herufi haina roho. Mstari hauna. Wachore hao. Ila macho mtoe. Kitu kikishakuwa na macho kinakutazama."

Nikamtoa macho. Tangu siku hiyo Sifuri wangu hana macho, na hao wenzake wote hawana. Watu huniuliza kwenye semina huko Dar, mtindo huu uliutoa wapi, ni wa Ulaya? Mimi huwaambia nimeutoa barazani kwa Maalim Bakari, Kilindoni. Maana asiyeruhusiwa kuchora macho hujifunza kuchora mabega. Hasira hukaa mabegani. Aibu hukaa kwenye vidole vya miguu, hugeukiana. Furaha utaiona kwenye namna kofia ilivyokaa. Wachoraji wengi wenye majina huchora macho kama sahani kwa sababu hawajui kumfanya mtu alie kwa mgongo wake. Mimi najua.

Mwaka ule nilichora kila wiki. Nilichora shairi: benchi la mshororo lina nafasi ya mizani nane, wamekaa wanane wamebanana, anakuja wa tisa na mzigo wake na kuku, anasalimia, anauliza wenyewe mpo? Hakuna anayetaka kunyanyuka, mshairi anawabembeleza, na mwisho anatupwa nje aliyekuwa wa kwanza kufika, kisa eti ni mfupi, na yule mwenye kuku anakaa kwa raha. Bi Hidaya hakujua kusoma vizuri, lakini nilimsimulia juu ya ukuta, akasema, "Huyo mwenye kuku ni shemeji yangu wa Jibondo. Umemjulia wapi?"

Katikati ya mwaka ndipo akaletwa mkuu mpya wa shule, Mwalimu Kaijage. Alishuka kwenye ndege ndogo na koti na tai, na hakuvivua. Alivaa miwani ya giza, nje na ndani. Tulisema anaringa. Mstarini asubuhi alituhutubia kwa sauti nzuri nzito, uso ameuelekeza kwenye mwembe badala ya kwetu, tukasema hata kututazama hataki. Alitembea ukumbini akiburuza vidole ukutani, tukasema anakagua vumbi. Nasimulia tulivyosema, kwa sababu shule nzima yenye vijana werevu, na mimi nikiwa mwerevu kuliko wengi, hatukuona kilichokuwa mbele yetu.

Wiki chache baadaye nikabandika katuni yangu niliyoipenda kuliko zote, Sifuri harusini. Na asubuhi ya pili mwalimu wa nidhamu akanitoa darasani mbele ya wote, ameishika katuni kwa ncha za vidole kama samaki aliyeoza. "Umemchora Mkuu wa Shule," akasema. "Mnene, ana koti, ana tai, na umemtoa macho. Unamdhihaki." Nilisema ni Sifuri. Akasema, "Nyamaza." Niliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi, chini ya dirisha la wavu, na nikamsikia akimweleza Mkuu ndani. Alieleza vibaya sana, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Aliruka visanduku, alianza na koti akaishia kwenye macho, hakufika harusini kabisa. Kisha ile sauti nzito, safari hii ndogo: "Kwa hiyo hata watoto wameshajua." Sikuielewa. Niliitwa nikaambiwa nije na mzazi, na kwamba jambo lenyewe ni la kufukuzwa shule. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Msichana akifukuzwa kidato cha nne wakati ule, kilichokuwa kinamngoja ni kilimo cha mwani, kamba na vigingi, maji ya chumvi hadi kiunoni, na posa ya kwanza itakayobisha hodi. Sidharau mwani, umejenga nyumba hapa. Lakini mimi nilikuwa na mkono huu.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Nilikaa kwenye kizingiti nikamsikia Bi Hidaya juu ya ukuta akizungumza na mgeni wake: "Ati mtoto wa Mwanahawa kamchora hedimasta kipofu." "Kipofu kweli?" "Si kaenda kamchora? Mtoto yule hachori uongo." Shangazi alikuwa anakaanga. Alinipakulia wali na kipande kikubwa cha pweza, kile anachokiweka cha kuuza, nikajua mambo ni mazito. "Kesho tutakwenda tukaombe radhi," akasema. "Sikufanya kosa, shangazi." "Nani kakuuliza kosa? Tunakwenda, tunakaa chini, mimi nasema huyu mtoto, nisamehe, wewe unainamisha kichwa. Kunakupunguzia nini?" "Nikiomba radhi nimekubali ni yeye. Si yeye. Ni Sifuri." "Ebo! Na huyo Sifuri ndiye atakayekulisha?" Nilitaka kumwambia ndiyo. Leo ningemwambia, angalia vigae hivi, Mungu amrehemu. Siku ile niliinuka nikaacha wali, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijatokea, nikaenda kwa Maalim Bakari.

Alikuwa amemaliza kusomesha, anakunywa kahawa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akizungusha kikombe. "Kwa hiyo macho niliyokukataza mimi ndiyo yanayokutoa shule." "Ndiyo, Maalim." "Na kuchora kwenyewe siku ile sikukusifu." "Hukunisifu, Maalim." "Wala leo sikusifu." "Ndiyo, Maalim." Akaimaliza ile kahawa ya chini yenye machicha. "Shule yenu inafunguliwa saa ngapi?" Maalim alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Watu wa umri wake waliiona sekondari kama kitu cha serikali na cha wabara, mahali mtoto huenda na kurudi akiwa na majibu mengi.

Asubuhi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na ule mwavuli. Tulikaa ofisini kwa Mkuu: shangazi na kanga yake mpya, Maalim, mimi nimesimama, Komba aliyejileta mwenyewe, na mwalimu wa nidhamu kwenye kiti karibu na meza. Chumba kilinukia rangi mpya na vumbi la chaki. Madirisha yalikuwa yamefunguliwa wazi na mapazia yamefungwa fundo juu, mwanga wote wa Mafia ulikuwa umo humo, na bado Mkuu alikuwa na taa ya kandili inawaka mezani. Maalim alianza na salamu. Za asubuhi, za safari, za nyumbani kwao Bukoba, za watoto, ng'ombe wanaendeleaje, mvua huko je. Mkuu alijibu zote, na niliona tai yake inalegea kidogo kidogo. Kisha Maalim akasema: "Macho nilimkataza mimi. Kama ni kosa, ni langu." Akaeleza habari ya roho. Wakati huo mwalimu wa nidhamu alikuwa ameinuka na kwenda kusimama dirishani.

"Maalim, kwa heshima yako," akasema kutoka kule, "habari hapa ni koti na tai. Kilindoni nzima nani anavaa koti na tai?"

"Bwana harusi," Maalim akasema.

Shangazi akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Komba akakohoa. Maalim akageuka kwa Mkuu, na nina hakika aliuliza kwa nia safi, kama angemuuliza mtu yeyote: "Kwani wewe mwenyewe ulipoiona, uliona nini?" Mkuu akasema, "Nimeelezwa." "Kakueleza nani?" "Mwenzangu huyu," akasema Mkuu, na akanyoosha mkono kwa adabu kuelekea kiti cha karibu na meza, akakitabasamia. Kiti kilikuwa kitupu. Mwalimu wa nidhamu yuko dirishani. Nje mtu alikuwa anafagia. Komba alitazama viatu vyake, na mimi nikaona vyote kwa pamoja, mwembe wa mstarini, vidole ukutani, kandili asubuhi, "kwa hiyo hata watoto wameshajua". Mtu yule alikuwa anazama gizani pole pole, amevaa koti na tai ili asionekane anazama, na aliogopa kwamba siku wakijua wataichukua kazi yake. Alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi.

"Nipo huku, Mkuu," mwalimu wa nidhamu akasema.

Mkono ukashuka. "Basi tupishe kidogo," Mkuu akasema. Mlango ulipofungwa, alivua miwani, akaifuta kwa tai, ingawa haikuwa na kitu. "Binti," akasema, "kazi yako iko hapa mezani. Nisomee."

Sikuwa nimewahi kuisoma katuni kwa sauti. Nilianza vibaya. "Sifuri anaingia harusini, amekasirika." "Umejuaje amekasirika? Si hana macho?" "Mabega, Mkuu. Yamepanda mpaka yamegusa kofia." "Hapo sawa. Endelea." Nikaendelea. Mlangoni wanamwambia wewe huna thamani, kakae popote. Anakaa kushoto kwa Tano, na Tano hata hageuki, anaendelea kula. "Sifuri tano," Mkuu akanong'ona, "bado tano." Nikajua yupo na mimi. Nikamwambia Sifuri anachoka kubanwa na ukuta, anahama, anakaa kulia kwa Tano. "Aa!" Mkuu akasema. Na Tano anavimba, vifungo vinaruka, amekuwa Hamsini, mke wake hamtambui. Harusi nzima inamgombea Sifuri, njoo kulia kwangu bwana, njoo kwangu mheshimiwa, biriani hiyo. Ila Tisa ana tamaa. Tisa hataki kukaa naye tu, anamvuta pembeni, anamwambia, mimi na wewe tuzidishane. "Asifanye hivyo!" Mkuu akapiga meza. "Mwambie asifanye!" Ameshafanya, Mkuu. Kimebaki kiatu. Wenzake wameona Tisa hayupo, wanadhani kapewa siri, wanajipanga foleni wakazidishwe na wao. Na kisanduku cha mwisho, ukumbi mtupu, viatu vimejaa sakafuni, Sifuri amekaa peke yake mbele ya sinia, anasema: "Harusi nzuri, ila watu wachache."

Mkuu alicheka mpaka koti likamvuka bega. Hakutoa sauti mwanzoni, mwili wote ulitikisika, halafu sauti ikaja. Shangazi, ambaye hesabu yake ilikuwa ya pweza tu, alicheka kwa kuona anavyocheka. Maalim Bakari naye alicheka, akasema astaghfirullah, akacheka tena. Komba alikuwa anapangusa macho. "Huyu si mimi," Mkuu akasema alipopata pumzi. "Mimi sijawahi kugombewa." Kisha akawa makini. "Mtihani utaufanya. Na hii irudi ukutani leo. Ila kila ukibandika mpya, unakuja hapa kwanza unanisomea. Mbele ya watu utasema unaleta ikaguliwe." Aliniambia hivyo kwa sauti ya amri, lakini mabega yalikuwa yananiomba. Tukatoka, na sote watano tuliobaki mle ndani, ukihesabu na yeye mwenyewe, hatukusema nje kuhusu kile kiti. Shangazi aliyeweza kusambaza bei ya samaki kabla samaki hajafika pwani alipoulizwa na Bi Hidaya juu ya ukuta, alijibu: "Kipofu gani? Kasoma katuni yote, kacheka kuliko sisi."

Basi mpaka mwisho wa mwaka nilikuwa nakwenda na karatasi yangu ofisini. Nilisoma, naye aliuliza. Mkono wake wa pili uko wapi? Nani amesimama nyuma? Unasema anacheka, anachekaje? Nilipokosa jibu nilijua pale mchoro ni mbovu, nikaenda kuurudia kwenye kizingiti. Hakuna chuo kilichonifundisha kama kile, nami nimesoma chuo kizuri na nilishika nafasi ya juu darasani. Nilifaulu mtihani, hesabu nikawapita wavulana, nikaondoka. Komba alirudi Songea. Mkuu alipelekwa bara kutibiwa jicho moja lililokuwa na matumaini, akarudi nalo likamtumikia miaka mingi kazini, na hatimaye nalo likamwacha. Maalim alizikwa nikiwa Dar, sikuwahi.

Nilipata kiti, nikamketisha Mkuu katikati ya ofisi. Nikaanza na ukuta wa mbele, sikuweza kujizuia, nikamsomea stashahada neno kwa neno, na jina la chuo, na daraja. Alisikiliza kwa heshima. "Hiyo haichekeshi," akasema. "Twende ukuta mwingine." Nikahamia kwenye katuni. Nilimsomea ya mistari sambamba, nikamsomea ya mwenye kuku, na watu walioingia na kutazama juu juu kwa kuogopa vigae wakaanza kusogea, wakakaa chini na miguu yao yenye mchanga, na mimi sikujali. Koku alikuwa anamtazama baba yake. Alipochoka kucheka, akashika mkono wangu.

"Yule Sifuri wako," akasema. "Mpaka leo hana macho?"

"Hana, Mkuu."

"Na koti bado analo?"

"Analo. Na tai."

Alijiweka sawa kitini, akainyoosha tai yake kwa vidole viwili. "Basi sasa ni mimi," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika.